Nimekabidhiwa filimbi ya kikundi cha ngoma shuleni, lakini wapigaji hawanifuati

Binti wa Shangani (swali)

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Mtwara mjini. Ninaandika kwa simu ya mama mdogo mwishoni mwa wiki, kwa kuwa shuleni haturuhusiwi kuwa na simu. Kwa hiyo nikichelewa kuwajibu msidhani nimewapuuza.

Kikundi chetu kina wanafunzi ishirini na wanne, wakiwemo wapigaji watano. Ngoma yetu kubwa ni sindimba, ingawa huwa tunaongeza igizo fupi na wimbo mmoja au miwili ya kwaya kulingana na shughuli. Tangu kidato cha kwanza nimekuwa mwimbishaji, na kazi hiyo niliipenda kwa sababu nilijua nikianzisha wimbo wenzangu wataitikia. Mwezi wa saba, dada aliyekuwa akituongoza alitakiwa kuweka kando majukumu yote ili ajiandae na mtihani wa kidato cha nne, na mwalimu mlezi akanikabidhi mimi filimbi pamoja na daftari la mahudhurio. Sikuomba, wala sikukataa.

Mapema mwezi wa kumi kuna mahafali ya kidato cha nne, na sisi ndio tutakaotumbuiza. Maana yake ni kwamba wale waliotufundisha kila kitu watakuwa wamekaa kwenye viti vya wahitimu wakitutazama, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa uwanjani kutusaidia. Nikiliwaza jambo hilo usiku, usingizi unaniruka.

Mazoezi yanatakiwa kuanza saa tisa na nusu alasiri. Wapigaji wanafika saa kumi, ngoma zikiwa baridi, na hadi zipate moto wachezaji wameshachoka kusimama. Tukianza, mimi husimama mbele katikati, kama alivyokuwa akisimama dada yule, lakini nikipiga filimbi ili tubadili mtindo wapigaji huendelea na pigo lilelile, na wachezaji hugawanyika, nusu wakinifuata mimi na nusu wakiifuata ngoma. Wiki iliyopita mpigaji wetu mkuu, ambaye tuko naye darasa moja na ambaye nadhani alitarajia filimbi hiyo apewe yeye, alisema mbele ya wote kwamba filimbi haifundishi ngoma. Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Tangu hapo kila kitu nakifanya mwenyewe: nahesabu njuga, nakunja vibwaya, naandika mahudhurio, naimbisha, napiga filimbi. Sauti imeanza kukauka. Je, niirudishe filimbi kwa mwalimu? Na kama siirudishi, mtu anawezaje kuwaongoza watu ambao jana alikuwa nao sawa katika mstari mmoja?

---

Mwana wa Nyangao

Mdogo wangu, filimbi usiirudishe kabla hujasoma niliyoyafanya mimi, kwa maana pengine utaona kwamba wewe hujaharibu kitu.

Niliwahi kuongoza kikundi cha shule mkoani Lindi, na nilianza nikiwa na hasira ya kuthibitisha kwamba nastahili. Tulikuwa na mpigaji mmoja hodari kupita wote, mkimya, mchelewaji kama hao wako. Siku tatu kabla ya mashindano ya wilaya nilimsimamisha mbele ya kikundi kizima, nikamwambia kwamba kipaji bila nidhamu ni mzigo, na nikamwamuru apige vile tu nitakavyomwelekeza. Hakujibu neno. Siku ya mashindano alifika mapema kuliko sisi wote, akapiga kila nilichomwagiza, na hakuongeza hata pigo moja. Watu wasioijua ngoma hawakuona tofauti yoyote. Sisi tuliokuwa uwanjani tulihisi kama tunacheza ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Hatukuvuka ngazi ya wilaya, na hakuna aliyenilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi ya lawama.

Nilipomwendea kumwomba radhi, wiki kadhaa baadaye, alinieleza kitu ambacho sikukijua. Kaka aliyenitangulia alikuwa na desturi ya kupita darasani kwao wakati wa mapumziko ya saa nne, wakaongea mambo ya kawaida, mpira na vichekesho, na katika maongezi hayo akawa anamuuliza, "Leo tuanze na ipi?" Mimi niliona tu jinsi kaka yule alivyosimama uwanjani na filimbi mdomoni. Yale ya saa nne sikuyaona, kwa hiyo sikuyarithi.

Dada yenu bado yupo shuleni hadi mtihani wa mwezi wa kumi na moja. Mtafute, lakini usimuulize namna ya kuongoza, kwa sababu atakujibu kwa maneno mazuri ambayo hayatakusaidia. Muulize alikuwa wapi saa nane mchana siku za mazoezi, alikuwa akizungumza na nani, na funguo za stoo zilikuwa kwa nani.

---

Mzazi wa Ruangwa

Naomba niseme ambalo huenda halitapendwa. Binti yuko kidato cha tatu, na mwakani ana mtihani wa taifa. Anaimbisha, anaongoza, anahesabu njuga, na sauti inakauka. Je, anasoma saa ngapi? Isitoshe, kuanzia mwezi wa tisa huku kwetu korosho zimeanza kudondoka, na vijana wengi mwishoni mwa wiki wanahitajika mashambani. Atawalaumu wapigaji kwa kuchelewa kumbe wametoka kuokota. Ningekuwa mzazi wake ningemwambia airudishe filimbi kwa heshima.

---

Mlezi Mstaafu, Masasi

Marahaba, mwanangu. Nimelea vikundi vya ngoma na kwaya katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na swali lako nimelisikia kwa sura nyingi, ingawa ni mara chache limeulizwa kwa uwazi kama ulivyoliuliza.

Nianze na ndugu yangu wa Ruangwa, kwa kuwa hoja yake ya muda ni ya kweli na haistahili kupuuzwa. Tofauti yangu naye ni kwamba kinachomchosha binti ni kazi za watu watano alizobeba peke yake. Filimbi yenyewe ni nyepesi. Mwanafunzi anayejua kugawa kazi hupoteza saa chache sana, na nimeona wengi wakimaliza vizuri masomo yao huku wakiongoza vikundi. Kuhusu korosho nakubaliana naye moja kwa moja: mwanangu, keti na wapigaji wako, waulize ni siku zipi wanahitajika nyumbani, kisha panga mazoezi kwa kuzingatia majibu yao. Mazoezi mawili ambayo wote wapo yana faida kuliko manne ambayo kila siku unawasubiri wawili.

Sasa kuhusu huyo mpigaji mkuu. Wengi watakushauri umpe cheo ili anyamaze. Usifanye hivyo kwa nia ya kumnyamazisha, kwa maana vijana wa umri wenu hutambua haraka wanapopozwa. Mpe kazi ambayo kweli huiwezi na ambayo yeye anaiweza: ngoma zote, kuanzia kuzitoa stoo hadi kuzirudisha, pamoja na kuamua nani anapiga ipi. Ukishampa, usimwingilie. Hapo ndipo viongozi wachanga hushindwa, kwa sababu hugawa kazi asubuhi na jioni wakaenda kukagua kila kitu kana kwamba hawakuigawa. Vibwaya na njuga mpe mwingine. Mahudhurio mpe mtu asiyecheza vizuri lakini anayependa kuwepo. Katika kila kikundi mtu huyo yupo, na mara nyingi hakuna anayemkumbuka.

Kuna jambo moja umeligusa bila kulitaja, nalo ni kwamba wewe ni msichana na wapigaji wote, kama sikosei, ni wavulana. Atakayekuambia kwamba mila zetu haziruhusu mwanamke kusikilizwa hazijui mila zenyewe, kwa kuwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao tangu jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Hata hivyo, hoja hiyo usiipeleke mazoezini kama silaha, maana hakuna ngoma iliyowahi kuchangamka kwa kushinda mabishano.

Mwalimu mlezi naye ana sehemu yake. Alikukabidhi filimbi na daftari, lakini sijasoma popote kwamba alikutangaza mbele ya kikundi na kueleza kwa nini amekuchagua wewe. Mwendee kwa adabu umwombe alifanye hilo. Dakika tano za mwalimu zinaweza kukuokolea mwezi mzima. Na mwombe pia awe tayari kuwajibu wazazi, kwa sababu kila mahafali hujitokeza mzazi mmoja anayelalamika kwamba viuno vya sindimba havifai kwa wanafunzi. Malalamiko hayo si mapya. Yalikuwepo tangu miaka ya 1960, wakati Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilipoitoa sindimba huku kusini na kuipeleka majukwaani kote nchini. Kulijibu hilo ni kazi ya mwalimu, wewe usilibebe.

Nilikuwepo Mtwara mwaka 2019, na tena mwaka 2021, UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, ngazi ya taifa ilipofanyika hapa kwetu, na nilikwenda makusudi kutazama ngoma na kwaya, si mpira. Kilichonivutia ni viongozi wa vikundi ambao sikuweza kuwatambua hadi ngoma ilipokwisha, kwa kuwa walikuwa wameingia ndani ya mstari kama wengine.

---

Fundi wa Vinganga, Mikindani

Mjukuu wangu, marahaba. Mimi sikusoma sana. Mjukuu mwenzako ndiye anayeniandikia haya ninayosema, na ameniambia hapa watu huandika kwa urefu, basi nami nitajitahidi.

Nimechonga na kupiga ngoma tangu ujana wangu, na nimelisoma swali lako mara mbili, yaani nimesomewa mara mbili. Wote waliokujibu wamesema kuhusu watu, nao wamesema vema. Mimi nitasema kuhusu mahali unaposimama.

Umesema unasimama mbele katikati. Wapigaji wako wapi? Wako nyuma ya wachezaji, ama sivyo? Basi umewapa mgongo. Mpigaji hafuati filimbi peke yake, kwa maana vinganga, zile ngoma ndogo, vikilia pamoja na ngoma kubwa, filimbi anaisikia kwa mbali kama ya askari wa barabarani, na mikono yake haiwezi kusubiri aulize ni nani amepiga. Yeye anafuata macho, bega na mguu wa anayeongoza. Dada yako aliweza kusimama pale kwa sababu alikuwa amezoeana nao miaka mitatu na walijua atageuka lini kabla hajageuka. Wewe huna miaka hiyo. Simama ubavuni mwa ngoma, mahali ambapo mpigaji mkuu anakuona uso nawe unaiona mikono yake, na wachezaji wote wanakuona bila kugeuza shingo. Watazamaji wasipokuona vizuri, haidhuru.

Tena sikiliza: filimbi haiiamuru ngoma. Mpigaji mkuu akishakaribia kubadili, pigo lake huwa linajaa, linakuwa kama linakuita, na filimbi inakuja kujibu wito huo ili wachezaji wajue. Ukipiga filimbi wakati pigo halijajaa, unamkata maneno mdomoni, naye hawezi kukutii hata kama anakupenda. Kwa hiyo huyo kijana aliyesema filimbi haifundishi ngoma amesema kweli, ila ameisema mahali pabaya. Mwambie hivyohivyo, kwamba amesema kweli, kisha mwombe akuonyeshe pigo lake linapojaa. Kaeni wawili tu, yeye na ngoma moja, wewe na filimbi, bila wachezaji. Nusu saa inatosha, mkirudia siku mbili.

Kuhusu ngoma baridi. Huku kwetu pwani unyevu wa bahari huilegeza ngozi hata kukiwa na jua, kwa hiyo moto ni lazima, lakini si lazima watu ishirini na wanne wausubiri. Mpigaji mmoja atangulie na makuti makavu, awashe moto mdogo, azipashe ngoma zikiwa zimeelekea moto kwa ubavu na si kwa uso, akiigonga kila moja kwa kidole hadi ilie juu. Wakati huo ninyi fanyeni nyimbo bila ngoma. Nyimbo zenu nazo zinahitaji muda huo, kwani najua vijana wa siku hizi huimba Kimakonde bila kujua wanachosema.

Hapo nina neno la kukusisitizia. Kabla hujapeleka wimbo wowote mbele ya watu, nenda kwa mkulungwa mmoja, yaani mzee wa mila, anayeijua lugha, mwimbie taratibu, muulize maana yake na ulikuwa ukiimbwa wapi. Nyimbo nyingine ni za unyago, zimefundishwa ndani na zinatakiwa zibaki ndani. Wakati mwingine mtoto huzisikia kwa shangazi akazipenda kwa sauti yake tu. Ukiimba wimbo wa namna hiyo kwenye mahafali, bibi zako watainamisha vichwa na wewe hutajua ni kwa nini. Mwimbishaji akikosea hilo ni makosa ya mwimbishaji, lakini wewe sasa ndiwe unayeshika filimbi, kwa hiyo ni juu yako. Mambo ya mapiko, ile ngoma ya vinyago, vilevile msiyaguse bila ruhusa ya wazee.

Mwisho, mahafali yatafanyika wapi? Kama ni ukumbini penye sakafu ya saruji, vinganga vyenu havitasimama, kwa kuwa mguu wake umechongoka ili uchomekwe ardhini. Nimeona wanafunzi wakihangaika kuviegemeza kwenye viti mbele ya mgeni rasmi, aibu tupu. Tafuteni kasha la mbao au ndoo kubwa mjaze mchanga.

---

Binti wa Shangani

Nawashukuru wote, na samahani kwa kukaa kimya wiki mbili. Nimeyasoma maneno yenu mara nyingi, hadi mama mdogo ameanza kuniuliza kama simu ni yake au yangu.

Kaka wa Nyangao, nilimuuliza dada yetu mahali alipokuwa saa nane. Alicheka, kisha akaniambia kwamba alikuwa akikaa chini ya mwembe karibu na stoo akila mihogo ya kuchoma na wapigaji, na kwamba mihogo aliinunua yeye. Mimi nilikuwa nikimuona pale kila siku na nilidhani anapumzika.

Babu, nilimwendea mpigaji mkuu na kumwambia kwamba alisema kweli. Alinitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya sentensi, na nilipomwomba anionyeshe pigo linapojaa alinyamaza kidogo, kisha akasema twende. Siku ya kwanza sikusikia tofauti yoyote, na nilijisikia mjinga kweli kweli. Siku ya pili alinitaka nifumbe macho, niweke kiganja ubavuni mwa ngoma kubwa, na hapo nililisikia kwa mkono kabla ya sikio. Sasa nasimama ubavuni. Katika mabadiliko manne ya mitindo, matatu yanakwenda vizuri. La nne bado linatushinda, na yeye anasema kosa liko kwa wapigaji wadogo, mimi nadhani liko kwangu.

Ngoma zote ziko chini yake, pamoja na funguo za stoo. Amechelewa mara mbili tangu nimkabidhi, na mara zote mbili niliuma meno nikaendelea na nyimbo. Mwalimu mlezi alinitangaza mstarini, ingawa kwa sentensi moja tu. Mazoezi yamekuwa siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, na baba yangu, ambaye mawazo yake ni kama ya mzazi wa Ruangwa, ameridhika kwa masharti kwamba matokeo ya muhula yasishuke.

Nilipeleka nyimbo zetu nne kwa bibi mmoja jirani. Tatu alizipokea. Wa nne, ambao ndio uliokuwa ukishangiliwa kuliko yote, alinisimamisha kwenye mstari wa pili na kuniambia niuache, wala hakunieleza sababu. Tumeuacha. Wenzangu wamenung'unika sana kwa hilo, zaidi ya walivyonung'unika kwa jambo lingine lolote, na bado hatujapata wa kuziba nafasi yake.

Tatizo jipya ni kuimbisha. Nikiwa ubavuni na filimbi siwezi kuanzisha wimbo, na tumempa kazi hiyo binti wa kidato cha kwanza, sauti yake ni nzuri lakini ndogo, na akitazamwa anaishusha zaidi. Najizuia kumsaidia. Jana nilijikuta nimeitoa filimbi mdomoni na kumwanzishia wimbo, akanyamaza hadi mwisho wa mazoezi. Leo nilimwomba radhi.

Ukumbi ni wa saruji, babu. Tumepata makasha mawili ya mbao, na wavulana wataleta mchanga kutoka ufukweni. Je, mchanga uwe mkavu, au tuunyunyizie maji?

---

Fundi wa Vinganga, Mikindani

Unyunyizieni maji kidogo usiku uliotangulia, muushindilie kwa mguu, msijaze hadi juu. Asubuhi chomekeni kinganga kimoja mjaribu kukitikisa. Kikicheza, ongezeni mchanga, siyo maji. Na huyo mtoto wa kidato cha kwanza msimweke mbele; mwekeni karibu na ngoma kubwa, upande ule ulipo wewe.